Mgongo wa Kuegemea

Watu husema mgonjwa haulizwi uji. Ciakuthii alikuwa akiwauliza wagonjwa wake. Miaka tisa ya kupiga deki wodi za hospitali ya misheni ilimfundisha kwamba hata mtu aliyelala kitandani kinywa bado ni chake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa maneno, ila mikono yake ilikuwa laini kuliko ulimi. Serikali ya kikoloni ilipobomoa maboma ya vilima vya Mikinduri wakati wa Hali ya Hatari, ikawasonga watu wote katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, yeye ndiye aliyeitwa kila palipokuwa na mgonjwa ambaye daktari ameshamrudisha nyumbani.

Dawa ya kuponya hakuwa nayo, na alilisema hilo kabla hajapewa kigoda. Alikuja na kitambaa safi cha kulowesha midomo iliyokauka, asali kidogo ya kupaka vidonda, na subira ya kumgeuza mtu ubavu huu na ule asichubuke. Ndugu walionung'unika kwamba ni kidogo, aliwaambia wakatafute kikubwa, waje wamwonyeshe.

Mwaka wa hamsini na tano Kathambi alimwita amwone baba mkwe wake, Mzee Mukiri, aliyekuwa mrina asali kabla ya uvimbe kumwanza tumboni. Ciakuthii alimkuta amelazwa chali katika nyumba iliyojaa moshi, mlango umefungwa, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Kathambi alikuwa akimnyooshea kijiko kutoka mbali, maana mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Hali kitu, mama. Siku ya nne hii. Atakufa na njaa kwangu."

"Weka kijiko chini, mwanangu. Hafi kwa sababu ameacha kula. Ameacha kula kwa sababu anakufa. Kinachomtesa ni pumzi. Tumtoe nje akae."

Kathambi alisimama mlangoni, akatanua mikono kuziba njia. Ciakuthii alielewa, akajilaumu kwa kusema upesi. Wazee wa zamani walimtoa nje mgonjwa aliyekaribia kufa, wakamwacha kichakani, ili kifo kisiingie nyumbani na mtu asiguse maiti. Siku hizi watu walikuwa wa kanisa, na jambo hilo liliwatia aibu kiasi kwamba walimfungia mgonjwa ndani mpaka akakosa hewa.

"Kijiji kitasema nimemtupa," Kathambi alisema. "Kinoti ataniua."

Kinoti, mumewe, alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali. Kila jioni saa ya kafyu alipita nyumba kwa nyumba akigonga kwa rungu kuhakikisha milango imefungwa.

"Anayetupwa huachwa peke yake," Ciakuthii alisema. "Mimi siondoki."

Alimvuta mzee pamoja na ngozi ya ng'ombe aliyolalia mpaka uani, akamkalisha, kisha akaketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo, ili apate pa kuegemea.

"Mnanitoa?" mzee aliuliza.

"Nimetoka nawe, mzee. Huu ni mgongo wangu, hebu uegemee."

Upepo wa kilimani ukampiga usoni. Pole pole pumzi zikatulia, na mzee, ambaye hakuwa amelala siku nne, akasinzia kichwa kikiwa kwenye bega la Ciakuthii. Kiuno kilimuuma mwanamke yule, naye hakujongea.

Kinoti alirudi kabla ya kafyu. Alipomwona baba yake uani, akainua rungu.

"Umemtupa baba yangu?"

"Piga," Ciakuthii alisema kwa sauti ya chini, "lakini usimwamshe."

Kinoti akasikiliza. Baba yake alikuwa akikoroma, koromo la zamani alilolijua tangu utotoni. Rungu likashuka lenyewe. Filimbi ya kafyu ililia ng'ambo ya handaki, na mzee aliposhtuka, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango. Aliuogopa, na mwanawe aliona hivyo.

Kinoti alimbeba baba yake na ile ngozi hadi kizingitini. Kisha akakata kamba za bawaba, akaung'oa mlango wake na kuulaza nje. Akaketi mahali pa Ciakuthii, mgongo kwa mgongo. Kijiji kizima kilikuwa kimefunga milango. Nyumba ya homugadi pekee ilikuwa wazi, na afande wake angemwuliza asubuhi.

Mzee Mukiri alikata roho siku ya tatu, jua likichomoza, bila kuhangaika. Ciakuthii ndiye aliyetambua kwanza. Alimgusa begani Kinoti, aliyekuwa amemwegemeza baba yake, akamwambia sasa anaweza kuinuka, maana kwa desturi ya watu wao maiti haiguswi.

"Bado ana joto," Kinoti alisema, na akaendelea kukaa.