Mche Unaofanana na Mama

"Kata mzizi kwenye trei ya jirani! Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Na ukifukuzwa je? Shemeji, acha hizo. Mizizi yote myeupe, yote inanuka udongo."

Saa moja asubuhi, kwenye banda la miche la kituo cha utafiti wa miwa, mwanamke amechuchumaa na mkasi mdogo mkononi. Anayemfokea ni mdogo wa mumewe, mmwagiliaji, na bomba linamwaga maji miguuni kwake wala hana habari.

Hapa wanamwita Mkunga. Kazi yake ni kuozesha miwa, yaani kuichavusha kwa mkono. Ua la muwa wa shambani analifunika mfuko wa kitambaa lisiingiliwe na chavua ya ovyo, halafu siku yake ikifika anafunua, analikung'utia chavua ya muwa pori. Muwa pori utamu hauna, lakini masizi, ugonjwa unaougeuza muwa unga mweusi, hauuwezi. Wanataka mtoto apate sukari ya mama na ubishi wa baba.

Msimu uliopita mvua ilinyesha, mfuko mmoja ukalowa chepechepe. Mkunga akaona ua litaoza. Akauvua, akaenda kutafuta mfuko mkavu. Aliporudi, upepo ulikuwa umeshapita.

"Nikafunika, nikanyamaza," anasema. "Tangu siku hiyo chakula hakipiti."

Mbegu za ua lile ndizo zimeota kwenye trei yake. Kwa macho hujui kitu. Miche ya namna hii hufanana na mama. "Baba anabaki na wasiwasi wake," anacheka, halafu kicheko kinakatika.

Ukweli uko kwenye kromosomu, vile vijiuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli. Kwenye ndoa hii mama mara nyingi anatoa zake zote, baba anatoa nusu. Mtaalamu anaponda ncha ya mzizi, anaitia rangi, anahesabu kwenye hadubini. Za baba zikikosekana, trei inachomwa moto. Na kibarua aliyeozesha vibaya haitwi tena.

Mumewe mgongo umemlaza. Jiko la nyumba nzima linawaka kwa mkasi huu, na shemeji naye anakula hapo hapo.

"Trei ya jirani imeshapimwa, baba yumo," shemeji ananong'ona sasa. "Ncha moja tu. Unataka kaka alale njaa?"

"Na mche huu wangu, kama hauna baba, wakiwapa wakulima? Shamba la baba yangu liligeuka masizi huku naliangalia. Tulichoma mpaka mbegu."

Mlango wa maabara unafunguka. Mtaalamu, dada mwenye miwani kichwani, ananyoosha kichupa. "Mkunga, mzizi uko wapi? Jua likipanda kromosomu hazihesabiki vizuri tena."

Mkunga anatazama trei ya jirani. Anatazama yake. Anakata kwenye yake, anadumbukiza ncha kichupani.

"Dada, mfuko wa ua lililozaa miche hii niliuvua mimi. Ulilowa. Upepo ukapita."

Mtaalamu anashusha miwani machoni. "Unajua nisipomwona baba humu itakuwaje?"

"Najua. Mkinibakiza, msimu ujao natembea na mfuko mkavu kiunoni, ua halikai uchi hata kidogo. Msiponibakiza..."

Mtaalamu anafunga kichupa, anarudi ndani.

Shemeji anamkodolea macho Mkunga kama mtu asiyemfahamu. Analibwaga bomba chini, maji yakiruka kila upande, anageuka na kuondoka.