Mikono Isiyo na Rangi

Mwenyekiti wa kikundi cha wachoraji alinifuata shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne, akanikuta nikisahihisha insha za kidato cha tatu. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya pamoja, wachoraji watano wa Kigoma na Ujiji, katika ukumbi mmoja karibu na stesheni ya reli. Alitaka mtu wa kuandika maelezo mafupi ya kuwatambulisha.

"Aya moja kwa kila mtu, mwalimu. Kazaliwa wapi, kaanza lini, anachora nini. Tutabandika ukutani kando ya picha zake."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ninafundisha Kiswahili, na ni mara chache mtu mzima anakuja kuniomba sentensi. Jioni ileile nilinunua daftari jipya na kuchora ndani yake mistari ya jina, mahali pa kuzaliwa na kazi.

Watatu kati ya wale watano hawakunisumbua. Wa nne alikuwa mzee wa Ujiji, fundi wa kuandika majina ya boti na mabango ya maduka, ambaye alinipa maelezo ya kujaza daftari zima na bado akanipigia simu usiku kuongeza mengine. Wa tano alikuwa seremala.

Nilimkuta kwenye karakana yake pale mtaa wa Mwanga, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Picha zake tatu zilikuwa zimeegemezwa ukutani nyuma ya kabati ambalo halijapigwa vanishi. Zilichorwa kwa rangi ya boti juu ya vipande vya plaiwudi, na nilipoziona nilisahau kwa muda kilichonileta. Moja ilionyesha ufuko na wanawake wakigeuza dagaa juu ya vichanja. Maji nyuma yao yalikuwa ya rangi mbili, kahawia upande mmoja na buluu upande mwingine, na mpaka kati yao ulikuwa wazi kama umekatwa kwa kisu. Mwanamke mmoja alikuwa ametupa mgongo. Sikuuona uso wake, lakini nilijua amechoka.

"Hapa ni wapi?" nilimuuliza.

"Ziwani."

"Ziwani wapi?"

"Ziwani tu, mwalimu."

"Na haya maji, mbona yana rangi mbili?"

Akaitazama picha kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mvua ilikuwa inakuja," akasema.

Mimi nilikwishapaona mahali pale. Niliwahi kwenda Ilagala kusimamia mitihani, na jioni moja nilitembea mpaka mto Malagarasi unapoingia ziwani, nikaona tope lake linavyosukumana na maji safi bila kuchanganyika. Aliyechora ile picha aliishi pale. Nikamuuliza seremala kama alizaliwa Ilagala.

"Sijawahi kufika Ilagala," akasema, na macho yake yakashuka kwenye daftari langu.

Siku mbili baadaye akanitumia ujumbe kwenye simu: "Mwalimu andika nimezaliwa Ilagala."

Miaka ya kusahihisha insha imenifundisha kunusa kazi ya kuazima. Mwanafunzi aliyenakili huwa na dalili zake: anaulizwa maana ya neno alilolitumia vizuri kabisa, naye anatazama dirishani. Nikaanza kukumbuka mambo. Mikono ya seremala ilikuwa na gundi na makovu ya msumeno, lakini hapakuwa na hata doa la rangi kwenye kucha. Karakana yote ilinuka mninga na vanishi. Sikuona kopo la buluu wala brashi.

Mzee wa Ujiji akaimwagia petroli shaka yangu. "Mimi nilimuuliza anasafishia nini brashi zake," aliniambia tulipokutana ukumbini kupima kuta. "Kaniambia maji. Rangi ya mafuta, mwalimu, anasafishia maji! Wallahi yule hajawahi kushika brashi tangu azaliwe."

"Sasa picha ni za nani?"

"Hilo ndilo lako wewe mwenye daftari."

Nikampelekea mwenyekiti shaka yangu. Alikuwa juu ya ngazi akigongea misumari. Akasema picha ni nzuri, siku zimebaki chache, niandike tu. Jibu lile likanifanya nimshuku na yeye.

Nyumbani nilijitungia kisa kizima. Niliamua seremala amezipata picha kwa mtu asiyeweza kujitetea, labda mkimbizi aliyeko kambini, labda marehemu ambaye watoto wake hawajui thamani ya alichoacha. Kadiri nilivyotunga ndivyo nilivyojiona mtu wa haki. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuficha jina kwa sababu nyingine isiyo wizi.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilihakikisha seremala yuko karakana, kisha nikachukua bodaboda hadi kwake, juu ya mlima unaotazama mwalo wa boti wa Kibirizi. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi, nikapiga tena, halafu nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka bado linanitia aibu: nikazunguka nyuma ya nyumba bila kukaribishwa.

Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, amekaa kwenye kigoda chini ya migomba, na mbele yake ubao umeegemezwa kwenye tofali. Aliponiona alivua kanga yake ya begani na kuufunika ule ubao. Alifanya hivyo haraka sana, na nikaona buluu ikitokeza upande wa juu wa kanga, ikienea taratibu. Rangi ilikuwa mbichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwenye nyumba hayupo."

"Hiyo ni nini, mama?"

"Ubao."

Miguuni pake palikuwa na makopo madogo ya rangi, kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikawa nyuzinyuzi, na manyoya mawili ya kuku. Hakuwa na brashi hata moja. Kucha zake zilikuwa za buluu. Nilisimama nikiwa nimepata nilichokuja kukitafuta, na sikujua nifanye nini nacho.

Nikamsemesha Kiha, lugha ya kwetu inayokaribiana na Kirundi, nikidhani nitamlegeza. Akanijibu kwa Kirundi, maneno machache, kisha akarudi kwenye Kiswahili kana kwamba amejutia.

"Wewe ni wa uhamiaji?"

"Hapana mama. Mimi ni mwalimu."

"Mara ya mwisho aliyekuja na daftari alikuwa mwalimu pia," akasema. "Alisema anahesabu tu. Tulipohesabiwa ndipo tukaambiwa tupange vitu vyetu, tuondoke."

Sikuwa nimegundua kwamba daftari lilikuwa mkononi mwangu, limefunguliwa, kalamu ikiwa katikati. Nilikuwa nimelishika tangu kwenye pikipiki. Nikalitia mkobani, lakini kulificha nako kulionekana vibaya. Mama alifuata mkono wangu ulipoingia na ulipotoka.

"Nani amekutuma kwa mkwe wangu?"

"Hakuna aliyenituma. Naandika maelezo ya wachoraji, kwa ajili ya maonyesho."

"Ya nini?"

"Ili watu wawajue. Mtu kazaliwa wapi, ametoka wapi..."

Nilisikia maneno yangu yakitoka. Niliwahi kushushwa kwenye basi, njiani kutoka Kasulu, kwa sababu kijana wa uhamiaji kwenye kizuizi hakuipenda lafudhi yangu, akanidhani Mrundi. Aliniuliza babu yangu amezikwa wapi. Nilikuwa na kitambulisho cha kazi, na mbele ya abiria wote nilitetemeka kama mwizi. Nikaja mjini, nikasahau, nikachora mstari wa mahali pa kuzaliwa kwenye daftari na kuuzungusha kwa watu.

Seremala akaingia akihema. Jirani alikuwa amempigia simu.

"Mwalimu, umefuata nini nyumbani kwangu?"

"Nimefuata ukweli. Picha si zako."

"Nani alisema ni zangu? Mimi nilipeleka picha zinazotoka nyumbani kwangu. Ninyi ndio mlioniita mchoraji."

"Na Ilagala?"

"Uliuliza mpaka nikaogopa. Nikaona nikupe unachotaka, uondoke."

Alieleza huku akitazama pembeni, kama mkwe anavyomheshimu mama wa mke wake. Mama huyu alikaa Ilagala miaka mingi, akianika dagaa wa watu. Alipokuja kuishi kwa binti yake akaanza kuomba mabaki ya plaiwudi, na seremala alidhani ni ya kuwashia moto. Alipoona kile mama alichokuwa akifanya nayo, yeye mwenyewe akaenda mwaloni kuomba rangi iliyobaki kwenye boti. Ndiye aliyetaka watu wazione. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitajwe popote.

"Karatasi ninazo," mama akasema ghafla, akinitazama usoni. "Zipo ndani. Lakini sikuonyeshi."

Nikasema sihitaji kuziona. Nakiri kwamba hata nilipokuwa nasema hivyo, sehemu moja yangu iliendelea kujiuliza kama kweli anazo. Mtu akishaanza kushuku haachi kwa sababu tu ameona aibu.

Mama akainua kanga. Ilitoka na rangi yote ya juu. Palipokuwa na anga pamebaki maua ya kanga yaliyogeuka, machafu, yakikatiza ziwa. Nilimwomba radhi. Alikwangua ubao kwa kisu na kuniambia nipishe mwanga.

Tulibishana na seremala kuhusu maelezo. Yeye alitaka niandike jina lake yaishe. Nilikataa kuandika kwamba amechora asichochora. Mwishowe mama ndiye aliyeamua, akiwa ametupa mgongo: niandike kwamba mchoraji ni mama mmoja wa ufukweni, anayechora asubuhi kwa kijiti na unyoya, basi. Nikaandika hivyo. Maelezo yake yalikuwa mafupi kuliko ya wote, na mzee wa Ujiji aliyaona akaridhika sana kwamba yake ni marefu.

Siku ya maonyesho nilivaa vizuri. Watu walikuja wengi, wafanyabiashara, watumishi wa ofisi, wanafunzi wangu waliokuja kupiga picha za simu. Mama naye alikuja, ndani ya kitenge kipya, akipita polepole kama mgeni yeyote. Alisimama mbele ya picha ya boti aliyoichora mzee wa Ujiji, akatikisa kichwa.

"Hili limebeba watu wote upande mmoja," akasema. "Linazama."

"Mama, mimi nimeandika majina ya boti miaka arobaini!" mzee akamjibu.

"Umeandika majina. Umepanda lini?"

Nilikuwa bado nacheka nilipomwona mwanamume mmoja mbele ya picha ya Ilagala. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Aliipiga picha kwa simu, akasoma maelezo yangu, akapiga na maelezo. Nikamsogelea.

"Nani kachora hii?" akaniuliza.

"Imeandikwa hapo."

"Pameandikwa mama mmoja. Mama gani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Na wewe kwa nini hutaki kusema?"

Maelezo yale niliyoyaona ya busara sasa niliyaona ya kijinga: kati ya wachoraji watano, mmoja tu hakuwa na jina, na hilo ndilo lililomvuta. Nilitafuta seremala kwa macho. Alikuwa amekwisha kutuona, na uso wake ulikuwa umekauka.

Yule mwanamume akageukia picha tena. "Amekosea lakini. Vichanja vya Ilagala haviko upande huu."

"Vilikuwa upande huo kabla mto haujala ufuko," sauti ikasema nyuma yetu.

Mama alikuwa amefika bila mimi kusikia. Nadhani hakuweza kujizuia. Kuambiwa amekosea kulimuuma kuliko alivyoogopa. Mwanamume akamtazama, halafu akatazama mikono yake. Kucha zilikuwa zimesuguliwa sana, lakini pembeni mwa dole gumba ulibaki mstari wa buluu.

"Wewe ni wa wapi?" mama akamuuliza yeye, kwa ukali.

"Ng'ambo ya mto, mama. Nilikulia pale."

"Basi ulikuwa mdogo. Hukumbuki."

"Inawezekana," akasema. Akatabasamu kidogo, akamwinamia kwa heshima, akarudisha simu mfukoni na kutoka.

Hakurudi. Niliuliza kwa mwenyekiti, kwa mlinzi wa ukumbi, kwa mtu wa stesheni, hakuna aliyemfahamu. Kwa wiki kadhaa nilipita karakana kila jioni nikitoka shule, kuangalia kama iko wazi. Gari jeupe likisimama karibu na Kibirizi, nilisubiri nione nani anashuka. Hakuna kilichotokea. Huenda alikuwa mtu aliyekikumbuka kijiji chake. Huenda picha zile za simu ziko mahali fulani, zinasubiri.

Mama anaendelea kuchora. Mzee wa Ujiji humpelekea masalia ya rangi na wanagombana kuhusu boti mpaka chai inapoa. Mimi huenda Jumamosi moja moja, naketi upande usiomkinga mwanga. Sijamuuliza alivukaje kutoka Burundi, wala alikuwa na umri gani. Yapo anayonieleza mwenyewe, hasa kuhusu dagaa, na ninayasikiliza.

Seremala hunisalimia vizuri. Lakini ninapofika huweka randa chini na kuja kusimama mlangoni, mikono nyuma, na haondoki hapo mpaka niage. Simlaumu.