Mama Yuko Upande wa Fundi

Dada yangu ndiye Mrembo. Nakwambia mapema ili usije ukamwona ukashangaa, maana ukikutana naye njiani utaona mama wa makamo, mfupi, amejaa kiasi, mkononi mfuko wa vitunguu na viatu vimelika kisigino upande mmoja. Lakini afungue mdomo! Asubuhi hutangaza safari kwenye kituo cha mabasi, na nimeona kwa macho yangu watu wazima wakiacha kushusha mizigo, wanatafuta ile sauti inatokea wapi. Hapo ndipo watu wa studio walipomsikia. Siku hizi mchana huingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia ya kigeni, ile inayofuatiliwa na mtaa mzima, na yeye ndiye sauti ya msichana mkuu, mrithi wa kiwanda cha vioo. Majina ya wahusika yanatatiza ulimi, kwa hiyo nyumbani tumewapa ya kwetu: Mrembo, Daktari, Fundi. Watu wanalia na dada yangu kila jioni, kisha wanapishana naye sokoni bila hata salamu. Mimi inaniuma. Yeye wala.

Sisi hutazama marudio ya Jumamosi mchana. Sebule yetu ina kochi moja lililobonyea katikati, stuli mbili, na televisheni juu ya kabati la vyombo. Mama ana kiti chake cha mbao karibu na mlango, na hukikalia upande upande, sikio la kulia limeelekea televisheni. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Usithubutu kumwambia kwamba haoni tamthilia, atakuuliza wewe unayeona umeona nini.

Jirani yetu, mshona sare za shule, huja na kazi yake mapajani, anashona vifungo huku anatoa hukumu.

"Daktari na Mrembo wanaendana, wasitudanganye," alisema Jumamosi moja. "Wote warefu. Hata ukiwapiga picha humkati mtu kichwa."

"Tena ana adabu," nikaongeza. "Ana kazi yake, ana nyumba yake. Mwanamke atake nini tena?"

"Hawaendani," akasema Mama.

"Haya, Mama, nani anaendana naye?"

"Fundi."

Jirani nusura ameze kifungo. Lazima nikueleze huyo Fundi. Ni mtengeneza gari la Mrembo, mwenye kitambi na kofia iliyolowa grisi. Hutokea kidogo, anafungua boneti, anatoa mzaha wake, anaondoka. Hajawahi hata kumshika Mrembo mkono.

"Mama, hao hata si wapenzi!" nikamwambia. "Anamtengenezea gari tu!"

"Akiwa na Daktari anacheka kwa mdomo. Akiwa na Fundi anacheka mpaka pumzi inamkatika. Mimi naongea na nani humu ndani?"

"Kwa Daktari amecheka vizuri tu. Nimemwona meno yote."

"Meno umeyaona wewe. Mimi nimesikiliza."

Tulimcheka hadi jirani akapoteza sindano. Mama alikuwa peke yake mtaa mzima, na hakurudi nyuma hatua moja.

Ubishi huu ungekuwa wa kupitisha muda tu, kama si suala la Mwenye Duka. Dada alifiwa na mumewe zamani, akamlea mwanawe peke yake mpaka kijana akapata kazi mbali na kwetu. Sasa alikuwa amejitokeza huyu bwana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye mjane, mtu wa heshima zake, asiyepayuka wala kunywa. Alimtuma mjomba wake kwa utaratibu wote. Dada akaomba apewe mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi ndipo atoe jibu. Mimi nilikuwa upande wa Mwenye Duka kwa roho yangu yote. Nyumba yake imewekwa vigae mpaka uani! Nilishaanza kuwaza nitavaa nini. Kila nilipomuuliza dada, alijibu, "Ni mtu mzuri," kwa sauti ileile anayotangazia kwamba basi limechelewa. Na Mama, ambaye ana la kusema hata juu ya majirani wanavyoanika nguo zao, kwa hili hakusema kitu.

Jumamosi ya kuamkia siku ya jibu, dada alikuwa nyumbani. Alikaa kwenye stuli, sinia la mchele mapajani, anachambua. Kwenye televisheni gari la Mrembo lilikuwa limegoma tena, na Fundi anamweleza kwamba gari halina ubovu wowote, limenuna tu, linataka kubembelezwa. Mrembo akacheka.

Mama akainua kidole. "Hicho!"

"Hicho nini, Mama?"

Hakunijibu mimi. Aligeuza uso kuelekea kwenye stuli. "Mwanangu, hicho kicheko ni chako. Mara ya mwisho kukisikia humu ndani, marehemu mumeo alikuwa hai."

Mkono wa dada ukasimama ndani ya mchele.

"Ni kazi, Mama."

"Kazi ni kile cha kwa Daktari. Huyo anayesema maneno ya Fundi ni nani?"

"Mkata funguo," dada akasema, taratibu. "Ana kibanda cha kuchonga funguo nyuma ya benki. Studio huja mchana."

"Ana mke?"

"Alifariki."

"Mnasimama pamoja mkisema?"

"Sehemu za Fundi, ndiyo, tunasimama pamoja. Daktari ana siku zake, hurekodi peke yake. Mimi maneno ya Daktari nayajibu nikiutazama ukuta."

"Mapenzi kikohozi," jirani akanong'ona, akainamia vifungo vyake.

Dada aliinuka na sinia lake akaenda jikoni, ingawa mchele haukuwa umekwisha kuchambuliwa. Nikaitazama televisheni. Mrembo wa kwenye picha alikuwa ametabasamu kidogo tu, la kuchekesha sana hakuliona. Nikafumba macho, kama Mama. Gari likapotea, na kitambi, na kiwanda cha vioo, akabaki dada yangu na mwanamume nisiyemjua, wanafurahi kweli. Nilikasirika. Nani anataka kuacha vigae vya mpaka uani kwa ajili ya kibanda cha funguo?

Jumapili Mwenye Duka alikuja na mjomba wake, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Mama alikaa kwenye kiti chake. Baba mdogo ndiye aliyepangwa kujibu kwa niaba yetu, na alikwisha kukohoa tayari kuanza. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni na trei tupu, chai nimeshaigawa.

"Baba mdogo, naomba niseme mwenyewe," dada akasema.

Baba mdogo akamtazama Mama. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Dada akasimama. Mfupi vilevile, na gauni lile la kila Jumapili. Lakini sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya kituoni, ile inayowanyamazisha wachukuzi.

"Bwana, umekuja kwa mlango wa mbele, umeniheshimu, na mimi nakuheshimu. Kazi yangu ni kusema maneno yaliyoandikwa na wengine. Nayasema vizuri, mpaka watu wanalia. Leo nikikujibu ndiyo, utaniamini, na kila aliyemo humu ataamini. Kwa sababu hiyo sitaki kuisema. Jibu hili hakuniandikia mtu. Ni hapana."

Mwenye Duka alikoroga chai aliyokwisha kuikoroga. Mjomba wake alitaka kusema neno, yeye akamzuia kwa mkono.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Wengi wangenipa ndiyo ya mdomoni. Ahsante."

Akamaliza chai yake yote, akaaga kila mtu, akaondoka na heshima zake kama alivyokuja nazo. Nilikuwa nimepoteza shemeji mwenye vigae, na bado mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Nilitamani kuiweka ile trei chini nipige makofi. Miaka yote nimelalamika kwamba watu wanaipenda sauti ya dada yangu bila kumjua mwenyewe, na siku hiyo nilimsikia mwenyewe, na alikuwa mkubwa kuliko Mrembo.

"Umesikia?" Mama alimwambia baba mdogo. "Huyo nimemzaa mimi."

Mkata Funguo alipokuja mara ya kwanza kumsalimia Mama, alisimama mlangoni na upara wake na mikono yenye vumbi la shaba lisilotoka kwa sabuni. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Karibu ndani, Fundi. Umechelewa."

Baba mdogo alichukua muda kidogo kumzoea. Mimi nilichukua muda mrefu zaidi, lakini nikamzoea, maana mtu ukimpa mlango uliokwama hawezi kukaa mpaka aufungue, na sisi kwetu milango iliyokwama haikosi.

Tamthilia ikafika mwisho. Dada alikuwa anaujua mwisho huo tangu zamani, na pamoja na kero zote tulizompa, yangu ikiwa ya kwanza, hakuutoa hata kwa dokezo. Jumamosi ile hakuja kutazama. Alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, na Mkata Funguo amepiga magoti mlangoni mwa jikoni anang'oa kitasa kibovu.

Basi, nilishinda. Mrembo alitoka na gauni jeupe, akasimama mbele ya Daktari. Wote warefu, hakuna aliyekatwa kichwa. Jirani alipiga vigelegele na vifungo vikamwagika sakafuni.

"Mama, umeshindwa!" nikapiga kelele. "Anaolewa na Daktari! Fundi hata hajaalikwa!"

Mama alitega sikio. Kwenye televisheni Mrembo aliulizwa kama amekubali, na sauti ya dada yangu ikajibu, tamu, imenyooka, kila herufi mahali pake, "Ndiyo, nimekubali." Jikoni kitu kikaanguka kwa kishindo, Mkata Funguo akasema neno ambalo hatukulipata, na dada akacheka mpaka pumzi ikamkatika.

Mama akainua kidole.

"Zima hiyo televisheni," akaniambia. "Tusikilize."