Kidole gumba cha Perina na mikate ya tini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Perina Vitaljić anatoka nje hadi kwenye roshani ya nyumba yake mjini Komiža, kisiwani Vis, akiwa na soksi tu miguuni. Anataka nyayo zimwambie hali ya mawe ya sakafu. Mawe yana jasho.

Anafunua chandarua kilichofunika mikate na kubonyeza mkate wa kwanza wa tini kwa kidole gumba. Kidole kinaacha shimo. Wa pili, shimo. Wa kumi, shimo.

“Jugo imeingia,” anasema. Huo ndio upepo wa kusini, unaoleta unyevu wa bahari. “Na huyo kijana anakuja leo na feri.”

Kijana ni Duje Kragić, mwenye duka la vitamu vya pwani katika mji wa Split, ng'ambo ya bahari. Ameagiza mikate 300. Perina anayo 320, lakini iliyokauka ni 90 tu, ile aliyoifinyanga mwanzo.

Perina ana miaka 63. Kiangazi hufagia gati na kuosha vyoo vya abiria. Agosti huchuma tini, huzichovya kidogo katika maji ya bahari yanayochemka, kisha huzianika juu ya matete. Zikikauka huzisaga, huzikanda na mbegu za shamari na pombe kali ya zabibu, huzifinyanga duara la ukubwa wa kiganja na kuzianika tena. Hakuna unga, hakuna sukari. Mkate mmoja huuuza kwa euro sita.

Kazi ya kukausha ni ya bura, upepo mkavu wa kaskazini. Bura isipokuja, mtu hungoja.

Mwaka jana Perina hakungoja. Duje alitaka mikate ifungwe kwenye mifuko ya plastiki ili wateja waone wanachonunua. Ilikuwa bado laini. Baada ya wiki tatu yote ilirudi ikiwa na ukungu mweupe.

“Niliitupa baharini mwenyewe,” anasema. “Hata samaki hawakuigusa.”

Binti yake, Anđela, anayeishi Zagreb, mji mkuu, alimwambia basi inatosha. Walikubaliana: mikate ikiharibika tena, Perina atafunga nyumba na kuhamia kwake.

“Nilimpa neno langu. Zagreb sina ugomvi nayo. Lakini nitakaa ghorofa ya saba nikitazama nini?”

Duje anafika kabla ya saa sita, na boksi la mifuko ya plastiki begani.

“Shangazi, mzigo uko tayari?”

“Tisini.”

“Usinitanie.”

“Bonyeza mwenyewe.”

Anabonyeza. Anajifuta kidole kwenye suruali.

“Si tuiingize kwenye tanuri, shangazi? Nusu saa tu.”

“Tanuri linakausha ganda, katikati inabaki tope. Mwanangu, wewe unauza tini au unauza mifuko?”

Zorka, jirani wa mlango wa pili, anachungulia dirishani na nguo mbichi mkononi. “Mwambie aipulizie mwenyewe. Kwa maneno aliyonayo, itakauka kabla ya chakula cha mchana.”

Duje anacheka, lakini kidogo. Anasema wateja hawangojei upepo. Perina anamjibu kwamba ukungu nao haungojei wateja.

Mwishowe Duje anachukua ile 90, imefungwa kwa karatasi ya kaki. “Nakupa mpaka Jumatano. Baada ya hapo nanunua kutoka kisiwa kingine.”

“Nunua. Huko nako jugo inavuma.”

Akishaondoka, Perina anahamisha mikate 230 hadi chumba cha zamani cha Anđela, chenye dirisha la kaskazini, na kuipanga juu ya kitanda, meza na kabati la nguo. Huko anaigeuza asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo. Anđela akipiga simu kuuliza kama aje kumsaidia kufunga mizigo, anamjibu: “Kitanda chako kimejaa. Ukija utalala jikoni.”

Jumatatu madirisha yanagonga. Perina anatoka na soksi zake. Mawe ni makavu na baridi, na bura inamrushia sketi kichwani. Anaitoa mikate yote nje.

Jumanne mchana anabonyeza wa kwanza. Kidole kinateleza, hakuna shimo. Anabonyeza ishirini na mitatu, kila safu mmoja, ndipo anachukua simu.

“Duje, njoo. Mifuko iache hukohuko.”

Mwakani anataka kujenga kibanda cha wavu upande wa kaskazini wa nyumba, kiwe na paa la bati. Mbao ameshazipata kutoka mashua ya mjomba wake iliyooza. Fundi atakuwa Anđela, ambaye ameahidi kuja Agosti na watoto. Watalala katika chumba chake cha zamani, ikiwa tini zitakuwa zimeshahamia kibandani.