Magoti ya Kalista

Kalista alipoolewa na Masunga, huko Usangu, watu walimsifia kitu kimoja: heshima. Baba mkwe wake, mzee Limbu, akitokea kwa mbali tu, yeye keshapiga magoti, liwe vumbi, liwe tope. Kwao Wasukuma mwanamke hamsalimii mkwe akiwa amesimama. Kumsalimia umelala ndiyo usiseme, hilo ni tusi.

Basi mwaka wa sabini na sita homa ikamshika, pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia. Akakonda, akabaki mifupa. Hospitalini Chimala daktari akasema ini lina minyoo, ileile ya ng'ombe, kaipata kwenye majani ya majini aliyozoea kuyatafuna mabichi kule wanakonywesha mifugo. Mungu wangu! Nani angedhani?

Dawa ilikuwepo, sindano kila siku, lakini kali. Nesi Sekela hakumung'unya maneno: "Inaua minyoo, na moyo nao inauchosha. Ukiinuka kitandani, mama, unaweza kuanguka usiamke tena. Hata haja utaletewa chombo hapahapa."

Kalista akatii. Akawa anaomba jambo moja tu: mzee asije.

Mzee akaja. Saa ya kuona wagonjwa akasimama mlangoni na fimbo yake, Sekela akimnong'oneza kwamba mgonjwa haruhusiwi kuinuka. Kalista akamwona. Atalalaje mbele ya mkwe? Bora afe kuliko kuitwa hana adabu! Akatupa blanketi, akashusha mguu mmoja.

"Acha, mwanangu!" Limbu akaiweka fimbo chini, akapiga magoti yeye, palepale kwenye sakafu ya saruji. Wagonjwa wakaguna, mmoja akacheka. Mzee hakugeuka. "Nimeshapiga kwa niaba yako. Salamu zimefika. Rudisha mguu, ulale."

Kalista akaurudisha, akalia kama mtoto.

Alipona, akarudi nyumbani. Lakini midomo ya watu, ah, nayo haina dawa: eti mzee kapigishwa magoti na mke wa mwanawe! Limbu akawajibu, "Aibu yangu haijaua mtu."

Miaka mitatu baadaye mzee akafariki. Watu walipotawanyika makaburini, Kalista akabaki amepiga magoti kwenye udongo mbichi. Masunga akamshika mkono. "Inuka, mama Esta. Jua kali."

"Niache kidogo, baba Esta," akasema. "Hii ni ile salamu ya wodini."