Maungio ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu anaunga nyaya za kioo, zile nyembamba kama unywele zinazopitisha mwanga. Kazini wanamwita Macho Manne, maana huvaa miwani na juu yake anaweka kioo cha kukuzia. Hana papara. Ncha ikikatika upande, anakata tena, hata kama watu wamesimama wanamngoja.

Kiwanda chao kinaua vijidudu kwenye mabomba ya sindano kwa mionzi. Maboksi hupita kwenye mkanda ndani ya chumba cha kuta nene, na mtu haingii mpaka chuma kinachotoa mionzi kizamishwe majini. Waya wa kioo ndio unaoleta habari kwamba mkanda unatembea. Mwanga wake ukaanza kufifia, kazi ikawa inasimama ovyo.

Msimamizi akasema ni maungio. Mama mdogo akaunga upya mara mbili, mwanga ukafifia tena. Akaambiwa ikitokea mara ya tatu ataletwa fundi wa nje, na yeye arudi kufungasha maboksi, alikoanzia miaka tisa nyuma.

Jioni ile alikaa mbele ya ndoo ya nguo bila kufua.

“Macho manne yote hayo na kosa hulioni?” baba mdogo akamtania.

“Niache, nafikiri. Ungio likiwa bovu, mwanga unaanguka palepale, kama mtu aliyekosea ngazi. Huu unapungua kidogo kidogo.”

“Kuanzia wapi?”

Akaisukuma ndoo pembeni. “Kuanzia ukutani. Mle chumbani tu.”

Kesho yake chuma kikiwa majini, aliingia akakata waya wa mle ndani. Akachukua na mwingine wa bunda lilelile kutoka stoo, urefu sawasawa. Akaziweka mezani, akazimulika kwa tochi upande mmoja, msimamizi akachungulia upande wa pili. Wa stoo ulitoa mwanga mweupe. Wa chumbani ulitoa rangi ya chai.

“Bosi, mionzi imekitia kioo giza,” alimwambia. “Hata ukileta mafundi kumi, hapa patafifia.”

Msimamizi akachungulia tena, kama hakuamini jicho la kwanza.

Waliagiza waya uliotengenezwa kustahimili mionzi, mama mdogo akauunga pale ukutani. Akauliza kama akate na maungio yake yale ya zamani, ya nje ya chumba. Msimamizi akayapima mwenyewe, moja baada ya jingine, akazima mashine ya kupimia.

“Hayo yaache yalivyo,” akasema.

Mama mdogo alitusimulia huku anakula, akaongeza chakula mara mbili.