Kitambaa Chekundu Nyumbani kwa Mamolefi

Tangu Molefi atoke gerezani, mama yake, Mamolefi, hakuwahi kupata usingizi wa kushiba. Kijana alifungwa kwa kuiba kondoo wa jirani yao, Ralebitso. Huko gerezani, mjini Maseru, walimtia jikoni, wakamfundisha kuchinja na kukata nyama. Kijijini walilicheka sana jambo hilo.

"Serikali ina akili," alisema Mateboho, shoga yake Mamolefi wa kisimani. "Imemchukua mwizi wa kondoo, ikaturudishia fundi wa kondoo. Bado kumnunulia kisu tu."

Mamolefi alicheka pamoja nao, maana asiyecheka huulizwa. Lakini kila kijana alipochelewa kurudi, alitoka akajifanya anaanua nguo, macho yakiwa mlimani. Kijana akishalala, alinusa blanketi lake kama lina harufu ya zizi. Aliona haya kufanya hivyo, na hakuacha.

Jumamosi moja asubuhi, wakiwa kisimani, Mateboho alitua ndoo yake.

"Dada, kwako leo kuna nini?"

Mamolefi akainua macho. Kwenye mlingoti wa uani kwake, ambako yeye hufunga kitambaa cheupe akiwa na pombe ya mtama ya kuuza, kilikuwa kinapepea chekundu. Chekundu ni nyama. Na kwake hapakuwa na hata kuku.

"Si amesomea?" mmoja akanong'ona, na wenzake wakainamia ndoo zao.

Mamolefi aliacha maji pale pale. Alipofika uani alimsikia Molefi nyuma ya nyumba akinoa kisu. Hakumwita. Aliulaza mlingoti, akafungua kitambaa, akakisokomeza kifuani, akashika njia ya kwa Ralebitso. Afadhali akiri yeye kuliko waje kumwita kwa chifu.

Ralebitso alikuwa zizini na shemeji yake, wakikata kwato za kondoo. Mamolefi akapiga magoti kwenye samadi.

"Ntate Ralebitso, nisamehe. Amekuibia tena."

"Nani?"

"Mwanangu. Nyama iko kwangu."

Ralebitso alimwachia kondoo aliyekuwa amemshika, akapangusa mikono.

"Inuka, mama Molefi. Yule kondoo nimempa mimi. Alikuja jana, akavua kofia, akaomba mmoja achinje, auze, tugawane. Nikamwambia sawa, lakini ngozi uianike ukutani na masikio yake, kila mtu aione alama yangu ya masikioni." Akamshika mkono kumwinua. "Hakukwambia?"

"Sikumuuliza."

Shemeji akacheka puani. "Gereza limeshamwachia. Kumbe hakimu amebaki nyumbani."

Mamolefi alirudi akitazama vidole vya miguu yake. Njiani alipishana na wanawake wawili wenye mabakuli matupu. Wakamwamkia, akaitikia kwa kikohozi.

Molefi alikuwa amekaa kando ya nyama, ameifunika kwa kitambaa kibichi, anafukuza nzi. Ngozi ilikuwa ukutani, ambako asubuhi mama hakutazama, masikio yake yamefunuliwa vizuri.

"Wateja wamekuja," akasema. "Hawakuona bendera, wakageuza."

"Nilidhani..."

"Najua, mama. Nilikuona ukipita."

Mamolefi alitaka kumwomba radhi, mdomo ukamwia mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akatoa kitambaa kifuani, kimelowa jasho, akaanza kukifunga. Fundo likamkataa. Molefi akaja akashika mlingoti usiyumbe, lakini lile fundo alimwachia mwenyewe.

Kitambaa kilipopanda, Mateboho na wenzake walikuwa wameshasimama langoni. Mamolefi aliingia ndani, akatoka na bakuli lake, akasimama mbele ya nyama kama mteja, wa kwanza, wote wakimwona.

"Nikukatie wapi?" Molefi akauliza, kwa sauti ambayo angemuulizia mtu yeyote.

"Popote."

"Popote si nyama, mama."

"Ini, basi."

Akakata. Mamolefi alikitazama kile kisu, akaitazama mikono ya mwanawe, mpaka akajishtukia kwamba anamchunga tena. Akainamisha macho ndani ya bakuli, akangoja.